Harusi Iliyosogezwa Hadi Kitabu cha Ishirini

Tangazo lilibandikwa kwenye milango yote ya Idara ya Mapenzi ya Kale, mlango wa choo ukiwamo. Umma ulijulishwa kwa furaha kubwa kwamba Binti Mfinyanzi na Jemadari, wapenzi wa riwaya ya taifa, hawatafunga ndoa katika kitabu cha tisa kama ilivyotarajiwa. Harusi yao imesogezwa mbele hadi kitabu cha ishirini, ili kuwapa wananchi muda wa kutosha wa kujiandaa.

Mwandishi alilisoma akiwa amesimama, kikombe cha chai mkononi. Vitabu vyote vinane alikuwa ameviandika yeye, na habari hii aliipata mlangoni kama watu wengine. Hapakuwa na kosa. Kanuni zinataka wadau washirikishwe, na mwandishi hajawahi kuorodheshwa miongoni mwa wadau wa riwaya.

Mwanzoni vitabu vilipangwa kuwa vinne, vya kuwafundisha watu historia ya ufalme wa kale. Lakini idara ikanenepa. Ikapata Kitengo cha Machozi, Kitengo cha Barua za Siri, na Kitengo cha Farasi chenye watumishi saba ambao hawajawahi kuona farasi. Wapenzi wakioana, riwaya inakwisha. Riwaya ikiisha, idara nayo kwisha habari yake. Kwa hiyo kila mtumishi aliamka asubuhi na kuja kuhakikisha kwamba wale wawili hawaoani.

Mwandishi naye alikuwa na mume. Mume huyo alikuwa muuguzi katika mji mwingine, safari ya siku nzima, na walionana mara mbili kwa mwaka. Ombi la Mwandishi la uhamisho lilikuwa na umri wa miaka minane, sawa na ndoa yenyewe. Jibu lilikuwa lile lile: litashughulikiwa mara tu riwaya itakapokamilika.

"Cha ishirini?" mumewe aliuliza kwenye simu.

"Cha ishirini."

"Na wewe unaandika kimoja kwa mwaka."

"Hesabu naijua, mume wangu."

"Basi waozeshe hao watu. Hata kwa siri."

Mwandishi alicheka. Simu ilipokatika akalia, akapangusa uso, akaenda kwa Mkurugenzi.

Mkurugenzi alikuwa mtu wa mwili na utaratibu. Muhuri wa idara aliufunga kwa mnyororo kwenye mkanda wa suruali, na haukutoka hapo hata alipokwenda kula. Riwaya hakuwahi kuisoma. Mwenyewe alisema yeye ni msimamizi wa mapenzi, kusoma ni kazi ya wananchi.

"Mheshimiwa, vita vimekwisha," Mwandishi alisema. "Wazazi wameridhia. Jeraha la Jemadari limepona mara mbili. Sina tena cha kuwazuia."

"Tafuta."

"Mafuriko nimeshatumia. Ndui nimeshatumia. Hata mjomba aliyefufuka nimeshamtumia."

Mkurugenzi alifikiri, kidole kikichezea mnyororo. "Weka mtu wa ikulu. Mtu mmoja tu, anayekataa kugonga muhuri kwenye cheti cha ndoa. Hicho kikwazo ni cha kutegemewa. Nimekiona kikifanya kazi."

"Akatae kwa sababu gani?"

"Ukitoa sababu, watu wataijibu. Akatae tu."

Mwandishi akarudi mezani. Ajabu ni kwamba yule mtu wa ikulu, aliyemwita Mtunza Muhuri, hakumpa taabu hata kidogo. Tumbo lilikuja lenyewe, mnyororo ukaja wenyewe. Sura nzima ilikwisha kwa siku mbili, lakini mkono ulikataa kusimama. Ukaandika kwamba Mfalme, alipopata habari, aliamuru hivi: Mtunza Muhuri ahamishwe mara moja hadi kituo cha mwisho cha mpakani, na mwandishi wa ikulu, aliyetenganishwa na mumewe kwa miaka minane, aruhusiwe kumfuata mume huyo. Alijua kwamba kama Mkurugenzi angeisoma, angeifuta. Alijua pia kwamba hataisoma.

Ni vizuri kueleza hapa kwamba kila sura iliandikwa kwenye karatasi ya serikali yenye nembo na namba ya kumbukumbu, kwa kuwa karatasi nyingine idara haiitambui. Mkurugenzi aliandika chini, kama siku zote, "Imeidhinishwa. Itekelezwe mara moja." Akagonga muhuri.

Mchana Mama Masijala alikuja na ile karatasi. Alikuwa amepanga majalada ya idara kwa miaka thelathini, na ndiye pekee mle ndani aliyesoma kila kitu.

"Mwanangu, hii inakwenda kwa mchapaji au Utumishi?"

"Ni sura ya kumi, mama."

"Sura nyingine hazina neno 'ahamishwe'. Karatasi yenye neno hilo, saini na muhuri, huenda Utumishi. Utaratibu aliuweka yeye, si mimi."

Chai ya Mwandishi ilikuwa imepoa. "Na kama umekosea?"

"Miaka thelathini sijakosea, nianze leo?"

Utumishi waliipokea kwa heshima. Walitafuta mtunza muhuri, wakampata mmoja. Walitafuta kituo cha mwisho cha mpakani, kilikuwapo, na nafasi ilikuwa wazi kwa kuwa hakuna aliyewahi kuitaka. Walitafuta mwandishi aliyetenganishwa na mumewe kwa miaka minane, ombi lake likatoka kwenye jalada likiwa limejazwa vizuri. Siku ya tatu gari lilikuja.

"Hii ni hadithi," Mkurugenzi alisema.

"Saini ni yako, mheshimiwa?" Afisa Utumishi aliuliza kwa upole.

"Ni yangu."

"Na muhuri?"

Wote wawili waliutazama, pale kwenye mkanda.

Aliomba amri itenguliwe. Akaelezwa kwamba amri hutenguliwa kwa njia ile ile iliyotumika kuitoa: sura mpya, ya mwandishi wa idara, yenye muhuri wa mkurugenzi. Mwandishi wa idara alikuwa ameondoka asubuhi ile na masanduku mawili, akicheka peke yake njiani bila kujali nani anamwona. Mkurugenzi wa kugonga muhuri hakuwapo pia, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa ameshahamishwa.

Mama Masijala alikaimu ukurugenzi, na muhuri ukafunguliwa mkandani akakabidhiwa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kugonga muhuri kwenye sura ya harusi, ambayo Mwandishi aliiacha kwenye droo. Binti Mfinyanzi na Jemadari wakaoana, na idara haikufa, kwani kutoka mpakani zilianza kuwasili sura.

Mkurugenzi wa zamani aliziandika mwenyewe, kwa mkono, kwenye kibanda chenye dirisha moja. Katika kila sura Mtunza Muhuri alijuta, akasamehewa, akarudi ikulu kwa shangwe. Mama Masijala alizisoma zote, akaondoa msamaha, akazipeleka kwa mchapaji. Vitabu vilinunuliwa zaidi kuliko vyote vya nyuma.

Mwaka wa pili Mkurugenzi wa zamani akajibiwa rasmi. Sura zake zimepokelewa na zinapendwa, hasa anapoteseka. Kurejea kwa Mtunza Muhuri kumesogezwa mbele hadi kitabu cha ishirini, ili kuwapa wananchi muda wa kutosha wa kujiandaa.