Barafu ya Saa Kumi na Dakika Tano

Jumatatu, 16 Januari 1995

Kiwanja cha ndege cha shirika letu la misaada kinataka msoma hali ya hewa. Waombaji wawili: mimi wa redio, na Sostenes anayejaza ndege mafuta. Jumatano Bi Priscila, mkuu wetu, anatua kutoka Mwanza na mkataba. Mmoja atasaini. Mwingine atarudi kijijini Mbuba kushika jembe. Sostenes amejifungia na kitabu. Mimi sihitaji. Namba ni namba.

Jumanne, 17 Januari

Utabiri wa kesho umeingia. Ndani yake: 641605. Nikamuuliza Sostenes, kwa ujanja, ile sita ya mwanzo ni nini. Akasema barafu. Akataka kuendelea. Nikamwambia asante, kaka, yatosha. Yaliyobaki yako wazi: barafu, nne ya ukali, kesho, 1605. Saa kumi na dakika tano jioni.

Nimezunguka kijiji cha Kanazi kwa baiskeli, nikiwahimiza watu waanue maharage, mvua ya mawe yaja. Wameyatia magunia yakiwa mabichi. Shemeji yangu Eustakia, muuza soda kiwanjani, kauliza kama barafu hiyo itapoza soda. Nikamwambia apange ndoo. Nyingine kaziazima kambi ya wakimbizi, kwa Minani, ambaye alisema amekimbia mengi maishani, lakini hajawahi kukimbia kitu kilichotaja dakika yake. Jumla ndoo tisa.

Jumatano, 18 Januari

Jua kali. Barafu huja ghafla.

Saa tisa na nusu rubani akaita, yu karibu. Nikamkataza kutua: barafu kali. Akauliza kama naiona. Nikasema ndiyo, kwa sababu mtaalamu husimama na utabiri wake. Akageuza, akarudi Mwanza na Bi Priscila na mkataba.

Saa kumi na dakika tano ilifika. Ikapita. Kuku akaingia ndoo ya tatu. Eustakia akamchungulia, akaniuliza, "Shemeji, hii tuipasue au tuiache iyeyuke?"

Ijumaa, 20 Januari

Bi Priscila kafika kwa gari, mwekundu kwa vumbi mpaka kope. Akamwamuru Sostenes anieleze mbele ya watu. Sita ni barafu. Nne ni aina yake, ya wastani. 160 ni kimo inakoanzia, kwa mamia: futi elfu kumi na sita. Tano ya mwisho ni unene wa tabaka, futi elfu tano. Hushika mabawa ndani ya mawingu, haidondoki ndooni. Ndege yetu hata haipandi huko. Saa haimo.

Sostenes kasaini. Mimi nafagia kiwanja hadi mwisho wa mwezi, kisha Mbuba. Wanawake wa Kanazi wameniletea gunia la maharage. Yameota.

Jumamosi, 21 Januari

Nikifagia nimeokota utabiri wa kesho. 520804. Nikamuuliza Sostenes tano ya mwanzo ni nini. Akasema msukosuko. Akafungua mdomo aendelee, nikamshukuru.

Basi ni kesho, saa mbili na dakika nne asubuhi, katikati ya misa ya kwanza. Nikipatia safari hii, Bi Priscila atanirudisha. Nimekwenda kwa Padri Laurian, nikatoa shikamoo, nikamwomba asalishe nje, ardhi itatikisika. Akaitikia marahaba, akaendelea na chai yake.

Haidhuru. Nitasimama mlangoni na ndoo zote tisa. Wakitoka mbio, wajifunike vichwa.