Nilivyolisogeza Jiwe la Mpaka

Jumanne, 14 Oktoba
Naanza kuandika. Padri alinifundisha herufi, akachoka yeye kabla yangu. Ninayoyafanya mimi Burkart hapa bonde la Uri yasipoandikwa, hasara.
Shida ni jiwe la mpaka. Sufu ya Mlombardi, mfanyabiashara wa ng'ambo ya milima, tunaipandisha mlimani kwa nyumbu wetu mpaka jiweni, hatua chache kabla ya daraja. Hapo tunaishusha, watu wa bonde la Ursern wanaipakia kwa nyumbu wao. Ndiyo sheria. Jasho letu, daraja lao! Na ujira wa daraja ndio mnono. Jost wa Ursern, kijana wa juzi, hunipungia kofia kila akiondoka na mizigo yangu.

Jumatano, 15 Oktoba
Nimelisogeza! Mchana kweupe, watu wote wakiwa kwenye mnada wa ng'ombe. Nimelibingirisha hadi ng'ambo ya daraja, peke yangu, na umri huu. (Mke wangu Hemma alisukuma kidogo.) Hemma akasema limeacha shimo. Nimelijaza mavi ya nyumbu. Akili hizo!

Ijumaa, 17 Oktoba
Ushindi. Jost alilitazama jiwe, akayatazama mavi, akayatazama mawingu. Nilikuwa nimeandaa viapo vizito. Sikuvihitaji. Akatangaza mbele ya wote: "Mzee Burkart yuko sahihi. Jiwe liko hapo tangu enzi za babu yangu."
Wenzake wakaitikia kwa vichwa, wapole kama kondoo. Wameniogopa.

Jumapili, 19 Oktoba
Theluji hadi kiunoni. Mbao za daraja zimevunjika. Na kila bonde husafisha njia na kutengeneza mbao za upande wake, mpaka kwenye jiwe. Nililijua hilo, nani asiyelijua? Lakini goti langu lilisema theluji haiji kabla ya Novemba. Lilaumiwe goti.
Wenzangu wa Uri wananipa beleshi bila salamu. Jost amekaa juu ya jiwe, anakula jibini. "Babu," ananiuliza, "tukuletee supu, au umeshiba daraja?"
Mlombardi amekwama na marobota yake. Anasema kesho anageuza nayo, atapita mlima mwingine, na hatutamwona tena, yeye wala wenzake. Wasafiri wakiisha, tutakula nyasi pamoja na ng'ombe. Hata Jost aliacha kutafuna.

Jumatatu, 20 Oktoba
Wakuu wa mabonde yote mawili wamekutana darajani. Wakabishana jiwe likae wapi. Hemma, ambaye hakuulizwa, akaninyooshea kidole: "Liacheni hilo. Msogezeni huyu."
Walicheka, upande huu na ule. Baada ya kicheko wakaanza kusikilizana. Tumeinua mikono, tumeapa: njia moja, mabeleshi ya wote, baraza moja la kesi. Bwana wa nje akija kudai ushuru, atatukuta pamoja. Na nyumbu wa bonde lolote atapita moja kwa moja bila kushusha mzigo. Jiwe limetupwa mtoni.
Mbao tumezitengeneza pamoja, sufu imevuka. Juu ya nyumbu wa Jost.

Jumatano, 22 Oktoba
Padri anasema jana tulikuwa mabonde, leo tumekuwa watu wamoja. Kazi ya nani? Yangu! Hemma anasema nimepoteza ujira, mgongo na heshima. Wivu huo.
Ng'ambo ya kilele wako watu wa Leventina, nao wana mpaka wao. Nimekwenda kulitazama jiwe lao. Dogo kuliko letu. Jumamosi wana harusi, njiani hakutakuwa na mtu.