Jina la Abram na Waraka Wangu wa Kurasa Kumi na Nne

Jumatatu, 27 Mei

Dai langu ni hili, nami nitalitetea mbele ya yeyote: haki iliyopatikana bila hoja iliyoandikwa si haki, ni fadhila tu.

Jambo lenyewe. Abram Wiebe, mwanafunzi wa kemia, anahitimu Jumamosi. Orodha ya chuo bado ina jina alilopewa alipozaliwa, enzi alipodhaniwa msichana. Katika ukoo mzima anakuja mtu mmoja tu, bibi yake, Oma Wiebe. Abram anataka kitu kimoja: Oma asikie ukumbini jina analomwita nyumbani, lililokuwa la marehemu mumewe.

Odile Marchand, mwenyekiti wa umoja wetu unaowatetea wanafunzi waliobadili jinsia na wapendao jinsia yao, alipendekeza twende kwa msajili tukaulize. Kuuliza tu! Nilimweleza kwamba mageuzi hayaanzii dirishani kwa karani. Akasema, "Basi andika, Everett, lakini fupi, bwana wee."

Nimeanza na Wagiriki.

Jumatano, 29 Mei

Waraka umekamilika. Kurasa kumi na nne, tanbihi themanini na mbili. Hoja bila ushahidi ni kelele, kwa hiyo ukurasa wa kwanza nimenukuu orodha ya chuo kama ilivyo, jina la zamani la Abram likiwa kwa herufi nzito, ili dhuluma ionekane kwa macho. Nakala nimezibandika kwenye kila mlango wa jengo la sayansi. Sikumwonyesha Abram kwanza. Nilitaka iwe zawadi.

Alhamisi, 30 Mei

Upinzani umetoka nisikoutarajia.

Wenzake wa maabara wamemjua kwa jina la Abram miaka minne, wala hawakujua lolote jingine. Leo wamesoma. Mmoja alimuuliza mbele ya wote kama sasa wamwite kama ilivyoandikwa mlangoni. Watu walicheka. Abram alivua miwani ya maabara, akaiweka mezani, akatoka na kuanza kubandua karatasi zangu mlango mmoja baada ya mwingine.

Nilimfuata. Nikamkumbusha kwamba mimi, ninayependa wanaume, nilijitangaza kwa kipaza sauti kwenye mahafali ya sekondari, na niko hai. Akajibu bila kugeuka, "Wewe ulijitangaza, kaka. Mimi nimetangazwa."

Kauli nzuri. Nimeinakili kwa matumizi ya baadaye.

Odile alikuwa mkali zaidi. Mkahawa mzima ukisikia, aliuliza: "Waraka wa kulitetea jina lake, halafu unabandika lile analolikimbia? Vitabu vyote hivyo ulikuwa unavisoma au unavipiga picha?" Nilimwomba aniletee pingamizi lake kwa maandishi. Alinikabidhi trei yake chafu, akaenda zake.

Jumamosi, 1 Juni

Mahafali. Nimearifiwa kwamba jana Odile alimpeleka Abram dirishani kwa Bi Kowalchuk, karani wa usajili. Desturi yetu ni kwamba mhitimu hupanda jukwaani na kadi mkononi, na msomaji husoma kilichomo kwenye kadi, orodha haitazami. Bi Kowalchuk alitoa kadi tupu na kalamu. "Andika unavyoitwa, mwanangu," alisema. "Herufi kubwa tafadhali, yule mzee wa kusoma macho yake yamechoka." Dakika mbili. Tanbihi hakuna.

Likasomwa: Abram Cornelius Wiebe.

Safu ya tatu, bibi mfupi mwenye koti la buluu alisimama peke yake, akapiga makofi hadi wahitimu wanne zaidi wakapita. Nilikuwa nyuma yake. Wa maabara walikuwa wamekaa upande wa pili. Wawili walinong'onezana, na Abram aliwaona. Aliposhuka hakuwapitia. Alikwenda moja kwa moja kwa Oma.

Nilifungua daftari langu la hoja, nikalifunga bila kuandika.

Jumapili, 2 Juni

Nimetafakari, na nimepata nafuu. Jina limesomwa kwa huruma ya karani, wala si kwa kanuni. Mwakani atakaa karani mwingine, na mwanafunzi mwingine atafukuzwa dirishani. Dai langu basi limesimama, na hakuna aliyeligusa.

Toleo la pili litakuwa na kurasa thelathini. Nitaongeza kisa cha Oma, pamoja na picha niliyompiga akiwa amesimama. Jina la zamani litabaki, kwa kuwa bila hilo msomaji hawezi kupima dhuluma. Ila safari hii kwa herufi za kawaida. Mimi si mtu wa kukataa maridhiano.

Abram hajajibu ujumbe wangu hata mmoja tangu Alhamisi. Kunyamaza si hoja. Nimepeleka barua kwa gazeti la chuo, na itatoka kesho ukurasa wa mbele: namtaka Bwana Abram Wiebe ajitokeze mbele ya wasomaji wote, aeleze kwa ushahidi ni wapi hasa nilipomkosea. Jibu la faraghani sitalipokea.