Sampu ya Kabati la Mikate

Jumatatu, 3 Juni

Nimelipata! Kabati la kioo, lile refu la kuonyeshea mikate, limetupwa nyuma ya duka la mikate lililofungwa. Kioo kizima, hakina hata ufa. Mlinzi akaniuliza nalitakia nini. Nikamwambia sampu. Akanipa pole.

Niandike hapa ili siku moja wajukuu wasome waelewe. Sampu ni tangi la pili, linafichwa chini ya tangi la samaki. Maji machafu yanateremka kwa bomba moja, yanapita kwenye sponji, yanasafika, kisha pampu inayapandisha juu kwa bomba jingine. Basi. Samaki wa maji ya chumvi hawataki mchezo. Maji yakichafuka kidogo tu, wanageuza matumbo juu.

Na wangu si wa kugeuza matumbo. Bwana Harusi na Bibi Harusi, rangi ya chungwa, mistari myeupe. Bibi Harusi ananijua. Nikirudi kazini anakuja kwenye kioo, anafungua mdomo, anafunga. Nyumba nzima hakuna mwingine anayenipokea hivyo.

Sasa, shemeji. Kaka wa mke wangu. Ukoo mzima unamwita Mtaalamu kwa sababu aliwahi kutengeneza feni. Yeye amenunua sampu ya dukani, imekuja kwenye boksi, na wiki iliyopita alitueleza habari zake mpaka chai ikapoa. Mama mkwe alimsikiliza ameweka mkono kifuani. Mimi hajawahi kuniwekea mkono kifuani. Nimewaalika wote Jumapili.

Mke amekubali kwa sharti moja. Alilisema polepole, akinitazama: "Maji ya chumvi yakigusa zulia langu tena, hata kikombe kimoja, samaki wanahamia kwa kaka."

Hilo "tena" halikuwa la lazima.

Jumanne, 4 Juni

Kazini. Mimi ni karani wa ghala la vifaa vya ofisi, na leo kazi zilikuwa chache, au mimi nilizifanya chache. Nikachora ramani ya sampu nyuma ya kalenda. Chumba cha kwanza maji machafu, cha pili sponji, cha tatu pampu. Mishale kila upande. Kazi ya mikono hii!

Bosi akatokea nyuma yangu, akauliza ni nini hiki. Nikasema ni mpango wa kupanga upya ghala. Sijui neno hilo lilitoka wapi. Amefurahi kupita kiasi. Ameondoka na kalenda.

Haidhuru. Ramani iko kichwani.

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya gundi! Nimekata vioo vya kugawia vyumba, nimevibandika, vimesimama wima kama askari wa gwaride. Harufu ya gundi ilimtoa mke sebuleni, ikamtoa jikoni, ikamfikisha uani. Huko alibaki.

Hitilafu ndogo. Futi ya kupimia imebandikwa humo ndani pamoja na kioo cha pili. Nimevuta, wapi. Mwisho nikaona ni heri: nitakuwa najua kina cha maji wakati wowote. Sampu ya Mtaalamu haina futi.

Mke alikwenda dukani kununua chumvi ya samaki, na huko akamuuliza muuzaji maswali bila kunishauri. Amerudi, akapasha msumari moto, akatoboa kijitundu kwenye bomba langu jipya la kupandishia maji, pale juu, karibu na usawa wa maji. Alinieleza sababu. Nilikuwa nakata kioo cha mwisho. Huwezi kukata kioo na kusikiliza kwa wakati mmoja, mtu yeyote atakwambia.

Mdomo wa bomba hilo nimeuzamisha mpaka sakafu ya tangi. Maji safi yawafikie samaki popote walipo. Hilo ni wazo langu mwenyewe.

Ijumaa, 7 Juni

INAFANYA KAZI!

Nimewasha. Pampu ikakohoa, ikatulia, maji yakapanda. Yakashuka. Yakapanda! Nilizunguka meza nikipiga makofi. Bibi Harusi alikuja kwenye kioo, akafungua mdomo mkubwa kuliko siku zote. Tulitazamana. Sijui kama kuna mwanamume amewahi kuwa na furaha kama yangu akiwa amelowa hadi kwapani.

Mke aliagiza nisiijaze sampu mpaka juu, niache nafasi. Nafasi ya nini? Mgeni humpi kikombe nusu. Nimejaza mpaka ukingoni.

Ndipo nikaliona lile tundu la msumari. Linatema! Kiuzi chembamba cha maji, kinaruka juu ya usawa wa maji, kinapiga kwenye kioo. Nikaliwaza zulia. Nikamwaza Mtaalamu akibeba ndoo yenye samaki wangu, anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo kama kawaida yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee, na wazee hawakuwa na pampu. Nikachukua gundi, nikaziba. Nikaongeza gundi juu ya gundi. Kavu!

Mke sijamwambia. Alitoboa kwa nia njema, sina haja ya kumwaibisha.

Kazini: bosi ameupitisha mpango wa ghala. Wapagazi wamehamishia karatasi zote kwenye chumba cha maji machafu. Hakuna aliyeuliza.

Jumamosi, 8 Juni

Nimekaa mbele ya tangi siku nzima. Hakuna tone. Nimepapasa zulia kwa viganja, nimelipapasa kwa shavu. Kavu. Mke alinikuta nimelala kifudifudi, akanivuka akaenda zake. Lakini nilimwona akitabasamu! Jioni alisema, kwa sauti ya chini, kwamba kweli maji yameng'aa. Miaka yote hii ya ndoa, ndiyo mara ya kwanza kitu nilichotengeneza kinasifiwa kikiwa bado kizima.

Kesho. Kesho!

Jumapili, 9 Juni

Naandika nimekaa juu ya meza, kwa sababu viti bado vinakauka.

Walifika wote. Mama mkwe akapewa kiti kizuri, mbele ya tangi. Mtaalamu akachutama, akachungulia sampu, akaiona futi, akauliza ya nini. Nikamwambia. Akaichungulia tena! Mama mkwe akasema samaki wanaonekana wameshiba. Akaweka mkono. Kifuani! Niliuona kwa macho yangu.

Hapo wivu ukampanda Mtaalamu. Akasema pampu yangu inanguruma, ya kwake ukikaa nayo hujui kama imewashwa. Nikasema hata hii yangu hujui. Akasema anajua. Basi nikawaomba wote wafumbe macho wasikilize, nami nitaizima, ili wasikie kwamba iwake isiwake ni mamoja. Wakafumba. Mimi nami nikafumba, nisije nikaonekana nawapeleleza. Nikazima.

Kimya! Kimya kitamu. Nikawaambia waendelee kufumba, waonje utulivu. Kulikuwa na sauti ndogo ya maji kutiririka, nikaieleza kuwa ni ya kawaida. Nikazungumza juu ya ubunifu. Nikazungumza juu ya vitu vya dukani na jinsi vinavyomlemaza mtu akili. Nilikuwa nasema vizuri sana.

Ndipo mama mkwe, macho bado ameyafumba, akasema kwa upole: "Mwanangu, na haya maji miguuni, nayo ni sehemu ya maonyesho?"

Tukafumbua. Maji yamezidi unga. Tangi karibu tupu, sampu inamwagika pande zote, zulia linaelea pembeni, kiatu kimoja cha mama mkwe kinaelekea mlangoni. Na chini kabisa ya tangi, kwenye kidimbwi kisichofika kina cha kidole, Bwana Harusi na Bibi Harusi wamelala ubavu, wanapigapiga mikia.

Nilipiga magoti. Nilitia mikono yote miwili nikawafunika wasikauke, na sikujua la kufanya baada ya hapo. Mtaalamu ndiye aliyeleta ndoo, akateka maji ya kwenye sampu, akanitoa vidole kimojakimoja. Wako hai. Hilo la kwanza. Wako hai.

Mke hakupiga kelele. Alimshikia kaka yake mlango, apite na ndoo yenye samaki.

Jumatatu, 10 Juni

Nimerudi nyumbani kutoka kazini. Kioo kitupu. Hakuna aliyefungua mdomo kunipokea. Nililia. Naandika hivyo kwa sababu bado hakuna anayesoma.

Jana usiku mke alilikagua bomba, akaiona gundi yangu. Akaniketisha kama mtoto wa shule. Alisema lile tundu lilikuwa la kuingiza hewa. Pampu ikizimwa, maji hurudi chini kwa bomba lilelile, lakini yakishuka kidogo tu tundu huvuta hewa, na maji hukatika. "Wewe umeliziba," alisema. "Bomba limeendelea kunyonya mpaka chini ulikoupeleka mdomo wake. Kutema kule ndiko kulikuwa usalama wako."

Nilimsikiliza kwa heshima zote. Lakini nimelala na jambo hili nikaamka nalo, na halinyooki. Tundu lililozibwa litamwagaje maji? Maji hutoka kwenye tundu lililo wazi, hata kuku anajua. Kosa ni la swichi. Mimi sikulisema hilo, kwa ajili ya amani.

Na mke ana moyo, namsifu. Kuna ahadi: nikikaa mwezi mzima bila kugusa bomba, samaki watarudi. Bomba lolote, alisema. Nimeapa. Mwezi ni kitu gani!

Kazini hakuna anayejua karatasi ziliko. Bosi anasema tuupe mpango muda.

Jumapili, 16 Juni

Siku njema! Siku njema mno!

Nimekwenda kwa shemeji kuwaona. Wamo kwenye tangi lake kubwa, wamenawiri. Bibi Harusi alinitambua! Alikuja moja kwa moja, akafungua mdomo, akafunga. Nikamweleza kwamba ni mwezi tu, avumilie.

Lazima niseme ukweli, shemeji alinipokea vizuri. Hakucheka hata mara moja. Akanionyesha zulia jipya, jeupe, la manyoya, unazama mpaka kifundo cha mguu. Akasema nijihisi nyumbani, akaenda jikoni kutengeneza chai.

Nikabaki na samaki wangu. Na nikaona! Bomba lake limezama mpaka chini kama langu, na pale juu, karibu na usawa wa maji, lina kijitundu. Linatema! Sampu ya dukani, yenye boksi na karatasi ya maelezo, na kiwanda kizima kimesahau kuziba tundu. Kiuzi kilekile cha maji, na chini yake zulia jeupe.

Mwingine angenyamaza. Mwingine angesema acha naye yamkute. Lakini mimi si mtu wa kinyongo, na mfuko wa koti ulikuwa na gundi iliyobaki. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nimeziba, nikaongeza juu yake, nikapangusa vidole kabla chai haijafika.

Kuhusu kiapo, nimekitafakari njiani. Mke alikuwa na maana ya mabomba ya nyumbani kwetu. La shemeji halihesabiki.

Wakati wa kuagana shemeji alisema kesho anakuja fundi umeme, watazima umeme wa nyumba yote kutwa nzima, na anahofia kidogo kwa ajili ya samaki. Nikamshika bega. Nikamwambia aende kazini kwake kwa amani, hakuna tone litakalomwagika.

Sitamwambia ni kwa nini. Wema hautangazwi.