Namna Nilivyomnyoosha Kombo

Jumamosi, 15 Machi 2014

Nimeshinda! Kombo kaletwa kwangu hapa Al Baraha, si kwa Bi Amne kule Mirdif na bustani yake.

Kombo ni mbawakawa wa mjukuu wangu Sumeiya. Mweusi, mkubwa kama tende. Kilema masikini: mguu mmoja hana, pembe imekwenda upande, bawa la kushoto limejikunja kama jani la tambuu lililosahauliwa juani. Mwenye duka alitaka kumtupa, Sumeiya akalia mpaka akapewa.

Binti yangu Tufaha na mumewe Thuwein wanakwenda Maskati harusini, na mtoto wao. Bi Amne, mama yake Thuwein, akadai mdudu abaki kwake. Akasema nyumbani kwangu mende wengi, Kombo atapotea katika umati. Nikamwambia mende wangu nawajua kwa sura.

Sumeiya akahukumu. Kombo akae kwangu. Akimkuta mzima, likizo ya shule anaimaliza kwangu. Akimkuta na neno, anakwenda Mirdif. Akaniachia na maagizo: udongo wa kopo lake uwe na unyevu, ndizi, gome la mti ashike akipinduka. Nisimguseguse.

Mimi! Niliyelea saba!

Jumapili, 16 Machi

Huyu mdudu hana adabu. Kutwa kalala chali, anapiga miguu hewani. Nampindua, anatembea kwa kuzunguka kama mtu aliyepoteza ufunguo, chali tena.

Nimekaa nimefikiri. Ugonjwa wake naujua. Alipozaliwa hakukandwa! Mtoto asipokandwa na kunyooshwa angali laini, anabaki alivyo. Mimi nimekanda watoto mtaa mzima wa Vikokotoni kule kwetu, vichwa, pua, mabega. Nani alikuja kulalamika? Pua ya Thuwein mnaiona. Hiyo ni kazi ya Bi Amne.

Basi. Sumeiya atarudi amkute Kombo kanyooka kama mswaki. Bi Amne atazimia.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemkanda. Mafuta ya nazi, vuguvugu, kidole kimoja. Bawa nimelivuta polepole, pembe nimeibembeleza. Alinipiga teke mara ya kwanza, baadaye akatulia. Nikamfunga kipande cha kanga.

Kalala. Mtoto akikandwa vizuri hulala. Anang'aa kama kiatu cha Idi.

Jumanne, 18 Machi

Bado kalala.

Nimempulizia. Nimemwita. Nimemsomea. Hata mguu hakutikisa!

Sumeiya kapiga simu kutoka Maskati. Kauliza Kombo hajambo. Nikasema anapumzika. Akasema, eti amekumbuka jambo, nisije nikampaka zile dawa zangu, kwa sababu mbawakawa hapumui kwa pua, anapumulia vitundu vya ubavuni, vikizibwa anakufa. Nikasema hayo nani asiyeyajua. Nikakata simu.

Mtoto yule alilia dukani kwa ajili ya huyu mdudu. Sasa nimemtia kwenye mafuta kama kachori!

Nimemfuta kwa pamba. Kisha nikamtia katika bakuli la unga wa ngano, unga unyonye mafuta. Nimeliweka bakuli juu ya kabati. Sitaki kumtazama.

Jumatano, 19 Machi

Kimya bakulini.

Nimemwambia Loise, Mkenya wa mlango wa pili, anayelinda jumba la maduka. Akacheka mpaka kofia ikaanguka. Akasema, "Shosh, wachana na hiyo kitu, tununue ingine." Shosh kwao ndiyo bibi. Kiswahili chake kinaniumiza meno, lakini akili anayo.

Tumekwenda dukani, tukarudi na mbawakawa mwingine. Miguu yote, pembe katikati. Nitasema ndiye Kombo, nimemnyoosha. Hasara nitaigeuza sifa! Sijui kwa nini watu wengine husoma mpaka chuo kikuu.

Alhamisi, 20 Machi

Bi Amne kaja bila taarifa. Kupeleleza. Nikamwekea kahawa na Kombo mpya mezani.

Katazama, kavua miwani, kaifuta, katazama tena. Akasema haiwezekani. Nikamwambia mkono wa mtu haufanani na wa mwenziwe. Akakubali kwa kichwa! Bi Amne! Nikajimiminia kahawa.

Ndipo juu ya kabati pakalia kwaruza, kwaruza. Bakuli likapinduka. Ukashuka unga juu ya kilemba cha Bi Amne, na katikati ya unga Kombo, mweupe pe, chali, anapiga miguu hewani!

Bi Amne alipiga ukelele wakausikia Sharja. Mimi nililia. Nilisema ni unga umeniingia machoni.

Ijumaa, 21 Machi

Wamerudi. Bi Amne aliwahi mlangoni kabla yao, na kilemba chake cha unga kama ushahidi.

Sumeiya hakumsikiliza. Kamchukua Kombo kiganjani, kamnusa. Akauliza mbona ananuka mandazi. Nikaeleza. Nikasema nilitaka anyooke. Akasema yeye hakutaka anyooke, alimtaka Kombo. Maneno makubwa kwa mtoto asiye na meno ya mbele. Akanibusu mkono, akamfuata Bi Amne garini na kopo lake. Likizo yote. Bi Amne alinipungia dirishani. Mwanamke yule hana haya.

Yule mpya nimeachiwa mimi. Sumeiya kasema ana nguvu, atanistahimili.

Jumamosi, 22 Machi

Nyumba kimya. Nimekaa na mgeni wangu, namtazama. Mzima, sikatai. Lakini shingo yake imekaza. Anatembea kama polisi wa gwaride. Huyu naye hakukandwa.

Kosa langu nimeliona: mafuta ya nazi ni mazito. Simsim ndiyo yenyewe. Nimeshaipasha.