Ndiva ya Mwanga

Jumamosi, 9 Aprili 1988

Dorkas kaenda tena kwa Aminieli na cherehani yake ya mkono. Anashona majoho ya kwaya, na mafuta ya taa hayaonekani Maore nzima. Aminieli ana karabai. Mafuta anapata wapi? Mungu ndiye ajuaye. Nyumba yake iko juu yetu kilimani, maji ya mfereji huanza kwake, na sasa mke wangu naye! Nimekula makande peke yangu. Nina wivu, nakubali, mradi hakuna anayesoma.

Ila dawa nimeipata. Dukani kwa Salimu, mjini Same, siku hizi vitu vya ng'ambo vinaingia. Kuna taa ya nyuzi nyembamba kama nywele: tochi chini, mwanga unatokea nchani. Nimeacha jogoo, nimebeba taa. Salimu kanionya nikichomoa nyuzi nizikate vichwa kwa wembe mpya, zigusane na kioo cha tochi, la sivyo mwanga hauingii. Ati muuza sabuni anifundishe mimi, mtoto wa mfereji!

Jumapili, 10 Aprili

Nyuzi nimezikata kwa meno, nikazivuta hadi kwenye sindano ya cherehani. Mwanga kama jicho la chawa. Kosa nimelijua: hakuna mteremko, mwanga utatiririkaje! Nimepandisha tochi darini. Jicho la chawa lilelile. Dorkas kabeba cherehani, kaondoka.

Jumanne, 12 Aprili

Tochi ni chemchemi ndogo. Babu zetu walifanyaje? Walijenga ndiva, bwawa la juu ya mfereji, maji yakusanyike kwanza. Nimejenga ya mwanga: boksi la sabuni, ndani karatasi za kung'aa za sigara. Limeshinda juani kutwa. Jioni nikaziba kwa gome la mgomba, nikamwita Dorkas, nikazibua. Giza! Kacheka mpaka kakaa chini. Halafu kaenda kwa Aminieli.

Jumatano, 13 Aprili

Jana usiku nilijaza vimulimuli kwenye ndiva. Waliwaka kweli, lakini nyuzi hazikutoa kitu. Asubuhi kuku kala ndiva nzima.

Alhamisi, 14 Aprili

Leo Dorkas hakwenda! Kasema, Baba Eva, nimechoka na kilima na hadithi za karabai. Kazichukua nyuzi zangu, kazikata vichwa kwa wembe, kama mtu anayetaka kutunga uzi, kazifunga kitita, kazibana kwenye kioo cha tochi. Lahaula! Sindano inaonekana mpaka tundu.

Kashona, mimi pembeni nampa vifungo. Kaniuliza kama shida yangu yote ilikuwa akae nyumbani. Nikasema ndiyo. Kasema ningesema tu. Nimefurahi mpaka machozi yamenitoka.

Ila haki isemwe. Kabla hajawasha, nilishaweka tofali chini ya tochi. Mteremko! Ndiyo maana imekubali. Sijamwambia, asije akajisikia vibaya.

Aminieli akija kuomba mwanga, nitamwonea huruma tu. Maskini anakaa juu. Mwanga utampandiaje?