Kocha wa Vitambi

Ridhiwani aliiona riziki yake siku mashabiki wa timu ya Kibiti walipovamia uwanja kushangilia bao, wakaishiwa pumzi kabla ya kumfikia mfungaji. Biashara huria ilikuwa imefungua maduka, na maduka yamefungua matumbo.

Yeye mwenyewe hakuwa mwembamba, ila tumbo lake lilikuwa la uvivu, si la mali. Aliwahi kuwauzia vibogoyo miswaki, kwa hiyo ujanja wake alikuwa anaujua kipimo. Sasa kijiji kilikuwa kimempa pori bondeni kwa sharti moja: alifyeke kabla ya masika, la sivyo linarudi mikononi mwa kijiji. Ilikuwa ardhi yake ya kwanza maishani. Alikwenda kufyeka mara moja tu, akarudi na malengelenge.

Akaingia klabuni kwa mashabiki wale.

"Mnamzomea mchezaji kwamba hakimbii, nanyi mkitaka kufunga viatu mnaita wake zenu."

Mshamu, muuza sukari na mwenyekiti wa klabu, alicheka mpaka kiti kikalalamika. "Dawa yake?"

"Panga. Linayeyusha mafuta kuliko mbio. Uwanja wa mazoezi ninao. Hata Wazungu wanafanya hivyo."

"Wazungu wanafyeka pori?"

"Wale wembamba, ndiyo."

Wakafyeka. Ridhiwani alipuliza filimbi kivulini huku akila mihogo, maana kocha naye anahitaji nguvu. Mikanda ikatobolewa matundu mapya, visiki vikang'oka. Ikafika mahali akaanza kuuamini uongo wake mwenyewe, ugonjwa ambao kwa tapeli hauna tiba.

Mawingu yalipoanza kutanda, Bibi Mwanamina wa kamati ya ardhi akaja kukagua.

"Umefyeka mwenyewe?" Akaitazama mikono yake, kisha tumbo.

"Na wenzangu hawa, mama."

"Ni vibarua au wachezaji wako, kocha? Kama vibarua, walipe sasa hivi, nikiona. Kama wachezaji, basi pori limefyekwa na klabu, na ni la klabu."

Ridhiwani akawageukia wanaume wale, kila mmoja na panga lake. Mfukoni alikuwa na kipande cha muhogo tu.

"Wachezaji," akasema polepole.

"Tulikujua tangu juma la kwanza," Mshamu akamwambia. "Ulidhani tumenenepa mpaka akilini? Klabu ilikuwa inatafuta pa kulima mpunga."

"Na mimi je, mzee wangu?"

"Kule mwisho kumebaki matete. Ukiyamaliza kabla ya mvua, tutakukatia jaruba moja."

Ridhiwani aliyatazama matete. Yalikuwa marefu kumshinda.

"Basi kesho tuanze wote mapema."

"Sisi tumeshakonda, kocha," Mshamu akasema, akamkabidhi panga.